Vijana wa Mzee Kassian

Asubuhi ile Eufrasia alikaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, ungo mapajani, akichambua usipa. Dagaa hao wa Ziwa Nyasa hufika Songea wakiwa na mchanga wao, na mteja akiuma chembe moja tu ya mchanga, kesho utamwona kwenye meza ya mwenzako. Kwa hiyo alikuwa ameinama, macho kwenye ungo, na hakumwona kijana alipoingia uani. Alimwona akiwa amekwisha kukaa kwenye ncha ya mkeka, miguu ameikusanya kwa adabu.

Alivaa shati jeupe, kaptura nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata nyanya, na soksi ndefu nyeupe zilizofika magotini. Mkononi alishika kibuyu kirefu cha kupuliza, kile cha wacheza ngoma ya mganda. Alikuwa na pengo dogo mbele, na ncha ya sikio lake la kushoto ilikuwa imejikunja kama jani lililopitiwa na moto. Eufrasia alilifahamu sikio lile. Jioni iliyopita alikuwa amelipaka mafuta. Lilikuwa sikio la baba yake, Mzee Kassian, ambaye saa ile alikuwa ndani amelala, na meno yake yaliyobaki yalitosha kutafuna ugali tu.

Tatizo la kwanza likawa salamu. Eufrasia alikuwa na mvi tayari, na kijana hakuwa na hata ndevu, kwa hiyo kijana ndiye aliyepaswa kuamkia. Lakini kijana alikuwa baba yake, na baba huamkiwa. Wakasema shikamoo kwa pamoja, kisha kila mmoja akamngoja mwenzake. Hakuna aliyeitikia. Salamu ikabaki hapo uani mpaka jua lilipopanda.

"Bibi," kijana akasema, "kuna chochote cha kula?"

Eufrasia akaweka ungo chini, akaingia chumbani.

"Baba, kuna mgeni."

"Nani?"

"Ni wewe."

Mzee Kassian alikuwa amelalia ubavu, mkono juu ya bandama. Alifikiri kidogo.

"Niko peke yangu?"

"Mpaka sasa, peke yako."

"Basi nipe chakula," akasema. "Usiniulize nimefuata nini kabla sijala."

Jambo hili halikumsumbua sana Eufrasia, kwa sababu alikuwa amekwisha kuambiwa. Siku iliyotangulia walikuwa wametoka hospitali, yeye akisukuma baiskeli na mzee amekaa nyuma kwenye mto. Kule daktari, kijana mpole aliyeitwa Romanus, alikuwa amewaeleza taratibu, kwa lugha ya kueleweka. Damu ya mtu ina askari wake, alisema, askari weupe. Kwa mzee, askari wanaandikishwa ovyo. Makuruta watupu. Hawajakomaa, kazi hawaijui, ila kula wanajua. Wameijaza kambi mpaka bandama imevimba, na damu nyekundu haina tena pa kukaa.

"Hiyo ni saratani ya damu," Daktari Romanus alisema. "Ile ya kwenda polepole. Hauponi ugonjwa huu, mama, ila unashikwa. Kuna vidonge vikali. Akimeza kila siku bila kukosa anaweza kukaa miaka. Akiacha, wanarudi."

"Vidonge viko wapi?"

Daktari alitazama dirishani. "Bohari ya serikali haina. Madukani vipo. Zamani havikuwepo kwa mtu yeyote. Sasa biashara imefunguliwa, vipo kwa mwenye uwezo."

Alisema hivyo kama mtu anayetoa habari njema, na kwa namna fulani zilikuwa njema. Ila hakusema kwamba makuruta wenyewe wangekuja nyumbani. Pengine alidhani hilo kila mtu analijua.

Kufikia jioni walikuwa wamejaza mkeka. Wote kaptura nyeupe, wote pengo, wote sikio lile lile lililoungua kwenye chungu cha uji utotoni. Walikaa vizuri, hawakupiga kelele. Waliponyanyua macho darini na kuona utando wa buibui, waliomba ruhusa kwanza, kisha wakautoa wote, wakaubandika kwenye matundu ya vibuyu vyao ili vitoe sauti ya kuvuma. Tangu siku ile nyumba ya Mzee Kassian pale Lizaboni haikuwa na buibui tena.

Wote walimwita Eufrasia Bibi. Hilo nalo lilikuwa na maana. Mzee Kassian alilelewa na bibi yake, Eufrasia mkubwa, aliyekuwa na mkono wazi wa kugawa chakula na mdomo usiofungwa. Binti alipozaliwa akapewa jina hilo, na tangu utotoni baba yake hakumwita mwanangu, alimwita Bibi. Kwa mzee ilikuwa heshima ya jina tu. Lakini vijana hawa hawakuwa wamezaa wala kuoa. Walikuwa bado wanakaa kwa bibi yao, na huyu ndiye waliyemwona mlangoni pa jiko, kwa hiyo wakanyoosha sahani.

Akawapa. Mtu wa kule hamfunikii mgeni chungu. Akasonga ugali mkubwa, akapika likolo, mboga ya majani ya maboga, na usipa aliokuwa ameuandaa kupeleka sokoni. Walikula wakamaliza, wakalamba vidole, wakashukuru. Mzee Kassian alikula kidogo sana. Siku zile kila walipokula wao, yeye alipungua.

Balozi wa nyumba kumi, Hironimus, alifika siku ya pili yake. Alisimama penye ua wa matete, mikono nyuma.

"Eufrasia, nasikia una wageni na hujaripoti."

"Si wageni, balozi. Ni baba."

Hironimus aliwatazama mmoja mmoja. Alimjua mzee tangu walipokuwa wanavunja tumbaku pamoja, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Wamefika umri wa kodi ya maendeleo hawa," akasema. "Migambo wanapita Jumatatu. Mimi nitawaambia nini?"

Mzee Kassian akaitika kutoka ndani, sauti nyembamba. "Hironimus, mimi nimevuka umri wa kodi. Karatasi unayo mwenyewe."

"Ninayo."

"Na hawa ni mimi."

Balozi alikuna kidevu. "Basi mmesamehewa," akasema. Kisha akaongeza, akimtazama Eufrasia, "Lakini barabara ikiharibika, wakashike majembe. Huko msamaha haupo." Akapewa ugali naye, akala na wale vijana, akawatania kwamba mwenzao mzee aliwahi kumwibia viazi shambani. Wakacheka wote, sauti moja, kicheko kimoja, na wakakana wote kwa pamoja.

Dawa zilikuwa kwa Daimu. Daimu alitoka Tunduru na mzigo wa mitumba, akahamia kwenye betri, sasa alikuwa na duka la dawa karibu na stendi, lenye feni. Vidonge aliviagiza Dar es Salaam, vikaja na basi. Hakuwa mtu mbaya. Eufrasia alipouliza kwa nini bei ni ile, alijibu kwa upole, "Wallahi, mama, mimi siipangi. Bei inashuka kwenye basi ikiwa imeshavaa viatu. Mimi naipokea tu."

Eufrasia alikuwa amewahi kuolewa na dereva, wakakaa Nakapanya, hawakujaliwa mtoto, na dereva akatafuta mwingine. Alirudi kwa baba yake na sanduku moja. Hakuwa na mali ya kuuza isipokuwa baiskeli, na baiskeli ndiyo iliyokuwa inampeleka mzee hospitali. Lakini nyumba ilikuwa ya bati. Mzee Kassian aliiezeka mwaka tumbaku ilipofanya vizuri, na kila bati aliliandika herufi K kwa lami, upande wa ndani, ili likiibwa lijulikane. Daimu alikuwa anajenga stoo. Akasema bati analipokea, lolote, hata lenye kutu kidogo.

Wakaanza na upande wa jikoni. Vijana ndio waliopanda. Walikuwa wepesi, waling'oa misumari bila kuipinda, wakaishusha kwenye kopo, kisha wakashusha bati kwa kamba, polepole, kama wanavyoshusha mgonjwa kwenye baiskeli. Eufrasia alisimama chini, analipokea.

"Hivi wanajua linakokwenda?" akamwuliza baba yake alipoingia ndani.

"Wanajua. Kwani mimi sijui?"

Mzee alimeza kidonge cha kwanza jioni ile kwa maji ya vuguvugu. Siku zilizofuata alitapika, mdomo ukapata vidonda, nywele zake chache zikabaki kwenye mto. Ngozi yake ikawa nyeusi zaidi, nyeusi ya sufuria, wakati kaptura uani zilizidi kuwa nyeupe. Chakula alichoweza ni uji mwepesi tu. Eufrasia aliupoza kwa kuupuliza, kijiko kwa kijiko, na kila alipopuliza mzee aligeuza uso ukutani. Eufrasia alidhani ni kichefuchefu. Aliupuliza taratibu zaidi, na mzee aligeuka zaidi.

Lakini dawa ilifanya kazi yake. Jua lilipoipa kisogo milima ya Matogoro likielekea kuzama, mmoja au wawili kati ya wale waliokaa mkekani walisimama, wakajikung'uta vumbi.

"Bibi," wakasema, "tunaomba njia."

Mgeni akiomba njia haachwi aondoke peke yake kama mwizi. Eufrasia alifunga kanga, akawasindikiza, akitembea katikati yao mpaka kwenye daraja dogo la kijito. Hapo ndipo watu wa Lizaboni husindikizana. Mwenye nyumba anasimama upande wa huku, mgeni anavuka, na mwenye nyumba anarudi bila kuangalia nyuma. Akirudi aliwakuta waliobaki wamemkunjia mkeka. Kila jioni alirudi na mikono mitupu, na waliobaki mkekani walikuwa wachache zaidi.

Walipokwenda kupima damu tena, maabara haikuwa na dawa ya kupimia. Daktari Romanus hakuhangaika. Akafungua kalamu.

"Uani wamefika wapi?"

"Mwanzo walifika kwenye mgomba," Eufrasia akasema. "Sasa wanatosha kwenye mkeka mmoja, na wengine wananyoosha miguu."

"Vizuri," daktari akaandika. "Vizuri sana. Wakifika nusu ya mkeka tutapunguza dozi. Wakirudi kwenye mgomba, nileteeni habari upesi."

Bandama ikapungua. Mzee akaanza kukaa kibarazani. Alikaa na vijana wake, akawasikiliza wakipuliza vibuyu, na mara nyingine aliwakosoa: ule mguu wa kushoto unachelewa, kapteni wa ngoma hatazami chini. Walikubali kosa, wakarudia.

Kwa wakati huo Eufrasia alikuwa ameshaanza kuwasikiliza na yeye, na hapo ndipo moyo wake ulipopata taabu.

Mama yake aliitwa Adela, mtu wa Mpitimbi. Alifariki Eufrasia akiwa bado ananyonya. Haikubaki picha. Ilibaki kanga moja iliyokwisha rangi, na jina. Mtoto wa kike hamwulizi baba yake alimpataje mama. Mambo hayo anaulizwa babu, na anayeuliza ni mjukuu, tena kwa mzaha. Eufrasia angekuwa na mtoto, mtoto angemwuliza mzee yote, na mama mtu angekaa pembeni akijifanya anachambua mboga, masikio wazi. Hakujaliwa mtoto huyo. Kwa hiyo, ukiondoa miaka ya Nakapanya, alikaa nyumba moja na mtu mwenye habari zote za mama yake, na hakuwahi kuzisikia, na mzee hakuwahi kuoa tena wala kusema kwa nini.

Lakini vijana hawa walimwita Bibi. Na kijana humwambia nani habari za msichana kama si bibi yake.

"Bibi," mmoja alisema siku moja akimsaidia kupepeta, "kuna mtu Mpitimbi."

"Mtu gani?"

"Mtu. Anaitwa Adela. Anatembea kama amebeba maji hata kama hajabeba."

Ungo ukasimama.

"Ana sura gani?"

Kijana akacheka, akajifuta mchanga mikononi. "Sijamtazama vizuri bado. Nikimtazama naona miguu yangu tu. Kikosi chetu kinakwenda kucheza kwao Jumamosi. Siku hiyo nitamtazama, halafu nije nikwambie."

Jioni ile akaomba njia. Eufrasia alimsindikiza, na njiani akamwuliza tena, na kijana akarudia yale yale mpaka kwenye Jumamosi, kisha akavuka daraja. Siku iliyofuata Eufrasia alimshika mwingine. Naye alianza hivyo hivyo: kuna mtu Mpitimbi, anatembea kama amebeba maji. Naye akafika kwenye Jumamosi, akakwama. Wote walikwama hapo. Walikuwa na umri wa Ijumaa.

Akawaza kwamba mmoja akikaa zaidi kidogo, atakomaa. Atafika Jumamosi. Alimchagua mmoja mwenye sauti nzuri, aliyependa kukaa karibu na jiko, akawa anampa nyama ya utumbo kila alipoipata. Na jioni moja, mzee alipokaa kitandani akingoja kidonge, Eufrasia alisimama mlangoni nacho kiganjani, akimsikiliza yule kijana nje akisema habari za Adela. Alisimama mpaka kidonge kikalowa jasho.

"Bibi," mzee akasema, "unangoja nini?"

"Namngoja huyu amalize."

Kupitia kwenye paa lililokwisha nusu, sauti ya kijana iliingia vizuri, ikafika kwenye Jumamosi, ikakoma.

"Hamalizi huyo," mzee akasema. "Hata umlishe mwaka mzima. Hajafika huko."

"Wewe ulifika."

"Mimi nilifika."

Alifungua mdomo, na Eufrasia akaweka kidonge juu ya ulimi wake, kikiwa kimepoteza umbo. Siku iliyofuata yule mwenye sauti nzuri aliomba njia pamoja na wenzake, na kwenye daraja alimshukuru kwa utumbo.

Mvua zilipokaribia, bei ilishuka kwenye basi ikiwa imevaa viatu vipya. Daimu alimwonyesha Eufrasia karatasi za jumla ili asidhani anamwonea. Bati lililokuwa linatosha kopo zima la dawa sasa lilitosha nusu. Wakauza ya sebuleni, wakaezeka nyasi. Wakauza ya chumba cha Eufrasia. Wakabakiza yale ya juu ya kitanda cha mzee, na mzee akasema hayo nayo ni bati, hayajapadirishwa. Yakaenda. Sasa mtu akiingia stoo ya Daimu kutafuta sabuni, akiinua macho aliona K, K, K, mstari mrefu, kila moja na mashimo yake ya misumari.

Nyasi hazikuwa na soko. Eufrasia alikwenda hospitali, Daktari Romanus akaandika barua kwa watu wa bohari, bohari wakajibu kwa heshima kwamba dawa hiyo haimo kwenye orodha. Alikwenda parokiani, wakachanga, ikapatikana ya wiki chache. Alikwenda kwa Daimu akasimama kaunta, na Daimu akampa vidonge kadhaa vilivyofungwa kwenye gazeti, akasema asimwambie mtu. Hivyo navyo vikaisha.

Vijana wakarudi. Walirudi wakivuka daraja kutoka upande ule, wawili wawili, na asubuhi moja Eufrasia alipofungua mlango walikuwa wamefika kwenye mgomba. Siku zilizofuata walipita mgomba, wakafika chooni, wakazunguka nyumba. Walikuwa na aibu. Walikula wametazama chini. "Bibi, tusamehe," walisema, na bado walinyoosha sahani, na bado alizijaza, usipa wote, unga wote. Mzee Kassian alikuwa mwepesi kiasi kwamba Eufrasia alimgeuza kwa mkono mmoja. Fizi zilitoa damu. Bandama ilimjaa tumbo zima.

Jioni moja alimletea uji. Akachota kijiko, akapuliza, na mzee akageuza uso ukutani kama kawaida. Safari hii Eufrasia aliweka bakuli chini.

"Ladha mbaya, baba?"

"Hapana."

"Basi nini?"

Nje vijana walikuwa wamesogea dirishani na mlangoni, wengine wamepanda ukutani, vichwa vinaonekana pale nyasi zilipopungua.

"Siwezi kumwambia mwanangu," mzee akasema hatimaye. "Lakini wewe ni Bibi. Kaa, Bibi. Nikwambie habari za Jumamosi."

Eufrasia akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Vijana wakaacha kutafuna.

"Tulifika Mpitimbi tumeshatembea tangu alfajiri. Tukapanga mstari, mimi mbele. Nikapuliza, kumbe utando umepasuka njiani. Kibuyu kikalia kama mbuzi mwenye mafua. Wasichana wote wakaanguka kwa kucheka. Yeye hakucheka. Alikuja katikati ya uwanja, mbele ya wazee, akanipokonya kibuyu. Akaenda kwenye kihenge cha baba yake, akatoa kijumba cha buibui, kile cheupe, akakibandika kwa mate. Halafu akasema..." Mzee alipumzika. "Akasema, wewe unapuliza kwa hasira ndiyo maana unapasua. Puliza kama unapoza uji. Akanionyesha. Akakunja mdomo, hivi, akapuliza mkononi kwangu."

Hakuna aliyesogea.

"Ana sura gani?" Eufrasia akauliza. Hakuuliza alikuwa na sura gani.

"Wewe ukipoza uji," mzee akasema, "ndiyo hiyo. Hiyo hiyo. Ndiyo maana nageuka."

Dirishani vijana walikuwa wamekunja midomo, wanajaribu, wanapuliza kwenye viganja vyao. Walikuwa wamepata Jumamosi. Mmoja alicheka peke yake, kisha akatoka kwenda kumwambia wa nyuma, na wa nyuma akamwambia wa kule chooni, na habari ikazunguka nyumba.

Eufrasia akachukua bakuli. Akachota kijiko, akapuliza. Mzee hakugeuka. Alimtazama mpaka uji ukaisha.

Alifariki siku mbili tatu baadaye, asubuhi, mvua ikinyesha kidogo juu ya nyasi. Watu wa jumuiya walikuja, padre akasoma misa. Vijana ndio waliobeba jeneza, na kwa kuwa wote walikuwa kimo kimoja, jeneza halikuyumba. Mtani mmoja wa Iringa alilala njiani mbele yao akizuia msafara, akadai apewe kuku. "Wangoni kwa ubahili," alisema, "hata kufa mtu anajibeba mwenyewe." Watu wakacheka, Eufrasia naye, akampa kuku. Udongo ulipojaa na msalaba kuwekwa sawa, waliorudi nyumbani walikuta uani patupu na mkeka umekunjwa. Jioni Eufrasia alikwenda mpaka kwenye daraja, akasimama upande wa huku. Akirudi aliangalia nyuma mara moja, jambo ambalo halifanywi, na halikubadili kitu.

Mwaka uliofuata alikuwa bado anauza usipa. Alichambua pale pale mlangoni pa jiko, na buibui walikuwa wameanza kurudi darini. Hakuwatoa. Jioni, akipika uji wake mwenyewe, aliupoza mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa kwenye mwimo wa mlango. Aliupuliza polepole, akatazama. Mara nyingine uji ulipoa kabisa na bado alikuwa anapuliza.

Siku moja mwanamke wa Bombambili aliyeitwa Dorine, mshona nguo, aliingia uani kwake akiwa amevua viatu. Alimwamkia, akakaribishwa kigoda, akakaa.

"Mama," akasema, "nimeelekezwa kwako. Mama yangu anaumwa damu. Tumetoka hospitali juzi. Leo nimeamka nimekuta mabinti uani, wana nguo nyeupe za komunyo ya kwanza, na mashada kichwani. Wote wana sura yake."

"Wengi?"

"Wamefika kwenye karo la kufulia."

Eufrasia alitikisa kichwa. "Si wengi. Umewapa chakula?"

"Nimewapa."

"Umefanya vizuri. Na dawa?"

"Ipo kwa Daimu. Nimeambiwa bei."

"Haijashuka?"

"Haijashuka."

Eufrasia akapepeta ungo mara moja, mchanga ukaanguka chini. "Wanakuitaje hao mabinti?"

"Wananiita shangazi. Nina jina la shangazi yake."

"Basi waulize. Chochote unachotaka kukijua, waulize mapema, na mama yako mwulize pia. Usingoje dawa iishe." Alichambua kidogo, kisha akainua macho. "Nyumba yenu ni ya nini juu?"

"Ya bati."

"Anza na upande wa jikoni," Eufrasia akasema. "Ukiezeka nyasi, moshi huzuia mvua kidogo."